Nani Alimtambua Nani Kindu

Ukisimama Alunguli asubuhi ukingoja mtumbwi wa kuvuka Lualaba kwenda Kasuku, utaelewa kwa nini kila mwenye bunduki aliutaka mji huu wa Kindu. Reli inayopanda kutoka Katanga inakomea hapa. Kutoka hapa hadi Ubundu ni safari ya maji, halafu reli tena mpaka Kisangani. Aliyeshika Kindu ameshika mlango. Ndiyo maana leta, kama wazee wa huku wanavyoiita serikali, imebadilika hapa mara nyingi, na mara mbili ilikuwa leta ambayo Léopoldville, mji mkuu wa wakati huo, haikuitaka.

Leta kama hiyo hutafuta kutambuliwa na wengine, na kuitambua serikali ya nchi nyingine kwa kawaida ni kazi ya mkuu wa nchi. Anapokea hati za balozi, au anamtuma balozi wake, na neno limekwisha. Marekani walibishana hadi Mahakama Kuu yao ikaamua mwaka 2015 kwamba mamlaka hayo ni ya rais peke yake, si ya bunge. Kwetu, Katiba ya 2006 inasema mabalozi wa kigeni wanawasilisha hati zao kwa rais. Hayo ni mepesi nchi inapokuwa na kichwa kimoja.

Mwaka 1960 Kongo ilikuwa na vichwa kadhaa. Septemba 5 Rais Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza Waziri Mkuu Lumumba, na usiku huohuo Lumumba akatangaza kumfukuza Kasa-Vubu. Siku tisa baadaye Kanali Mobutu akawaweka wote wawili pembeni. New York zikafika jumbe mbili zinazodai kiti kimoja. Novemba 22 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likampa Kasa-Vubu kiti hicho, kwa kura 53 dhidi ya 24, huku nchi 19 zikijizuia.

Kindu haikumwona Lumumba kuwa mgeni. Alipokuwa kijana alifanya kazi hapa, mji ukiitwa bado Kindu-Port-Empain. Desemba 1960 Antoine Gizenga alipounda serikali Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kwa jina la Lumumba, Maniema yetu, pamoja na Kindu, ikaenda upande wake. Habari ya kuuawa kwa Lumumba ilipotangazwa Februari 13, 1961, viongozi wa mbali wakaanza kumtambua Gizenga mmoja baada ya mwingine: Moscow, Misri ya Nasser, Ghana ya Nkrumah, Guinea ya Sékou Touré, Mali, Yugoslavia, China.

Kwa karatasi, basi, Kindu ilikuwa na serikali yenye marafiki wakubwa. Lakini hebu tazama ramani. Njia ya mto kutoka Léopoldville ilikuwa mikononi mwa Mobutu, na Sudan ilikataa misaada ya Moscow ipitie kwake. Balozi anaweza kufika kwa ndege. Petroli na mishahara ya askari havifiki kwa barua ya pongezi. Binafsi naona hapo ndipo Gizenga alipokwama, kabla ya siasa yoyote. Agosti wabunge waliokusanyika Chuo Kikuu cha Lovanium wakamkubali Cyrille Adoula kuwa waziri mkuu, Gizenga akawa msaidizi wake, na Septemba China ikafunga ubalozi wake Stanleyville.

Serikali ya Gizenga ikavunjwa, askari wakabaki. Oktoba Gizenga akarudi Stanleyville. Novemba 11, 1961, ndege mbili za jeshi la Italia aina ya C-119 zilitua Kindu na vifaa vya kikosi cha Malaya kilichokuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Waitalia 13 waliokuwa ndani ya ndege hizo walikwenda kula kwenye bwalo la Wamalaya. Askari wa Kikongo wakawavamia wakidhani ni Wabelgiji wanaoisaidia Katanga iliyojitenga, na wote 13 wakauawa. Serikali zilikuwa zimetambuana, watu hawakutambuana.

Julai 1964 Kindu ikaangukia mikononi mwa waasi walioitwa Wasimba. Septemba 5 kiongozi wao, Christophe Gbenye, akatangaza Jamhuri ya Watu wa Kongo huko Stanleyville. Safari hii hakuna nchi hata moja iliyoitambua, hata zile zilizowapelekea silaha. Novemba 5 msafara wa mamluki na jeshi la taifa ukaurudisha mji, na kabla mwezi haujaisha jamhuri ile haikuwa na mji mkuu.

Na wale Waitalia 13 wa 1961? Miili yao ilionekana Februari 1962, imezikwa makaburini Tokolote, nje ya mji. Mwezi uliofuata ikapelekwa Pisa, kwenye kambi yao, ambako hekalu dogo la kumbukumbu limebeba jina la Kindu.