Waraka na Kontena

Kabla mafundi wa kompyuta hawajaliazima neno kontena, lilikuwa mali ya mabaharia na wachukuzi. Kwani tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal-X iling'oa nanga Newark, Marekani, kuelekea Houston, ikiwa na makontena 58, na ada ikaanza kuenea ya kusafirisha shehena ndani ya sanduku ambalo mchukuzi hana haja ya kulifungua. Kwa upande wa programu, asili ya kontena ni amri ya chroot, iliyotokea mwaka 1979 katika Unix ya Bell Labs, ambayo huifungia programu ndani ya mafaili iliyopangiwa isiyaone mengine. Mwaka 2008 Linux ikapata cgroups, mizani ya kuigawia kila programu kadiri yake ya kumbukumbu. Na Machi 2013, huko Santa Clara, Solomon Hykes akaionyesha Docker, chombo cha kujengea na kuendeshea kontena za programu, hadharani kwa dakika chache tu.

Lakini fadhila kubwa ya Docker, kwa rai yangu, si sanduku lenyewe, bali ni waraka wake, Dockerfile, ambamo amri huandikwa mstari kwa mstari, na kila amri inayobadili mafaili hulaza tabaka jipya juu ya lile la chini, hivyo kwamba pasipobadilika kitu tabaka la zamani hutumika tena. Maarifa yaliyokuwa kifuani mwa fundi mmoja, ambayo siku akihama kazi huhama naye, yakawa maandishi ya kusomwa na kusahihishwa na wenziwe. Na hili naliona ni jambo la heshima kubwa.

Kuandika huko kulikwisha anza kwingine. Mark Burgess, akiwa Oslo, alitunga CFEngine mwaka 1993 ili hali ya mashine nyingi ielezwe kwa maandishi, na Terraform ya mwaka 2014 ikawezesha seva za mawinguni, na mitandao na ruhusa zake, ziagizwe kwa waraka.

Hata hivyo taswira za kontena, yaani tabaka hizo zikiwa zimefungwa pamoja tayari kuendeshwa, aghalabu zilijengwa katika kompyuta ya fundi mwenyewe, na madhara yake yalidhihiri zilipotoka kompyuta za Apple zenye kichakataji cha M1, Novemba 2020, kwani kwa kawaida zilijenga taswira za vichakataji vya ARM ilhali seva nyingi zilikuwa za aina nyingine, x86-64, zisizoendesha taswira hizo moja kwa moja. Suluhisho lilikuwa kuhamisha ujenzi: Amazon ilikuwa imekwisha fungua CodeBuild, huduma ya kujengea mawinguni, mwaka 2016; na kwa kuwa Docker ilizoea kujenga kwa mamlaka yote ya mashine, jambo la hatari pale mashine inapotumiwa na wengi, Google ikatoa kaniko mwaka 2018, iusomayo waraka ule ule na kujenga ndani ya kontena bila kuitegemea Docker.

Leo waraka wa aina ya Terraform huagiza ghala la taswira, mashine ya kujengea na ruhusa zake, na kazi ikiisha mashine huvunjwa. Ila Dockerfile inayosema tu iletwe taswira ya karibuni kabisa huzaa kitu kimoja leo na kingine kesho. Ndiyo maana mafundi waangalifu, badala ya jina la toleo, huandika alama ya SHA-256 inayokokotolewa kutoka taswira yenyewe, yenye tarakimu na herufi 64, ambayo hugeuka hata ikibadilika baiti moja.