Spruu ya tropiki: kwa nini mgonjwa anakula lakini hanenepi?

Spruu ya tropiki ni ugonjwa wa utumbo mdogo. Mgonjwa anakula, lakini mwili haufyonzi virutubisho vya kutosha. Huharisha kwa wiki au miezi, choo huwa kingi, chenye mafuta na harufu kali, naye hukonda na kupungukiwa damu.

Ugonjwa huu huonekana zaidi kusini mwa Asia na visiwa vya Karibi, kama Haiti na Puerto Rico. Afrika umeripotiwa kwa nadra. Huwapata zaidi watu wazima, lakini watoto pia wanaweza kuugua.

Unasababishwa na nini?

Chanzo hasa bado hakijathibitishwa. Haya ndiyo yanayodhaniwa:

- Maambukizi. Mara nyingi huanza kwa kuharisha kwa ghafla ambako hakuishi. Bakteria hubaki na kuzaliana kupita kiasi ndani ya utumbo mdogo. Wagonjwa wengi hupona kwa antibiotiki, jambo linaloipa nguvu sababu hii.
- Ukuta wa utumbo kuumia. Vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula hufupika, hivyo virutubisho hupita bila kuingia mwilini.
- Upungufu wa foleti na vitamini B12. Utumbo ulioumia hufyonza vitamini hizi kidogo, na zikipungua, utumbo hushindwa kujijenga upya.

Huenda si spruu

Giardia, minyoo, kifua kikuu cha tumbo, VVU na ugonjwa wa siliaki, unaochochewa na ngano, vinaweza kuleta dalili kama hizi. Ndiyo maana vipimo ni lazima.

Mama au mlezi, ufanye nini?

- Mtoto akiharisha siku 14 au zaidi, mpeleke kituo cha afya.
- Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kumnyima chakula humdhoofisha zaidi.
- Mpe maji ya ORS, na zinki kama ulivyoelekezwa na mhudumu.
- Usimnunulie antibiotiki dukani. Spruu hutibiwa kwa tetrasaiklini na vidonge vya foleti kwa miezi 3 hadi 6, lakini tetrasaiklini inaweza kuharibu rangi ya meno ya mtoto aliye chini ya miaka 8. Daktari ndiye achague dawa.

Usisubiri siku 14 ikiwa mtoto ana damu kwenye choo, macho yamedidimia, amelegea, anatapika kila kitu au hawezi kunywa wala kunyonya. Mpeleke hospitali mara moja.