Mchanga mweusi wa Mirihi una ndugu yake Ngorongoro

Lori la mchanga likishamwaga mzigo hapa Tegeta, mwenye ujenzi huwahi turubai. Akichelewa, upepo wa mchana unaanza kazi: punje zinapanda zikirukaruka upande mmoja, zikifika juu zinaporomokea wa pili.

Kazi hiyohiyo inafanyika Mirihi. Novemba 14, 1971, chombo cha Marekani, Mariner 9, kilianza kuizunguka sayari hiyo kikakuta tufani ya vumbi imeigubika yote. Vumbi lilipotua, picha za 1972 zikaonyesha matuta meusi yamelala ndani ya kasoko.

Hesabu za matuta ya aina hiyo zilishapigwa na mwanajeshi. Ralph Bagnold, Mwingereza aliyezunguka majangwa ya Misri na Libya kwa magari ya Ford, alistaafu 1935 akajitengenezea handaki la kupulizia upepo ili apime punje inavyoruka. Vita vilipoanza 1939 akaitwa tena, akapangiwa wapi? Kenya! Bingwa wa Sahara, jamani. Ila hakufika. Meli yake iligongana na nyingine Mediterania, ikaingia Port Said kutengenezwa, naye akadandia treni hadi Cairo kusalimia marafiki. Jenerali Wavell kusikia yupo mjini, akambakiza Misri. Safari ya Kenya ikafia hapo. Kitabu chake cha mchanga kilitoka 1941, na mwaka 1977 NASA ikamwalika, mzee wa miaka themanini na ushei, azungumzie majangwa ya dunia na ya Mirihi. Matuta ambayo gari la Curiosity liliyafikia huko mwaka 2015 yana jina lake.

Mimi meli ile inaniuma. Ingefika, pengine mzee angepita Olduvai, kule Ngorongoro, akaona tuta letu: jivu jeusi la volkano ya Ol Doinyo Lengai, umbo la mwezi mwandamo, urefu wa mita 100 hivi, kimo kama mita 9. Linatembea takriban mita 17 kwa mwaka, wakati yale ya Bagnold kule Mirihi hayazidi kama mita 1. Shuleni nilichorewa Sahara ubaoni. Hili nililijua ukubwani. Wamasai wanaliheshimu tangu zamani. Watalii hushuka, hurusha gao la jivu waone linavyoshikamana kwa chuma kilichomo, kisha gari hilo, Serengeti.

Nyuma yao vimesimama vigingi vyenye miaka, kila kimoja mahali ambapo tuta limeshahama.