Nyoka wa Onyango Dunde: mbona serikali iliogopa hadithi?

Wasee, wengi wetu tumekula samaki pale Dunga mara mia, lakini Onyango Dunde ni nani? Hatumjui.

Mwaka 1913, huko Alego, Siaya ya leo, jamaa huyu alisema nyoka mkubwa alitoka ziwani, akammeza, kisha akamtema akiwa mzima. Nyoka akajitaja: yeye ni Mumbo, makao yake ni ziwani na kwenye jua. Akampa Dunde ujumbe: dini ya wazungu imeoza, wazungu ni maadui na wataondoka. Vaeni ngozi, fugeni nywele, chinjeni mifugo yenu, kwa sababu mingine itatoka ziwani.

Najua unacheka. Ngoja kwanza.

Reli ilikuwa imefika Kisumu 1901. Ikafuatiwa na kodi ya nyumba, kazi za lazima na misheni. Wagusii walipigwa na jeshi la Waingereza mwaka 1905, wakapigwa tena 1908. Sasa mtu aliyeshindwa na bunduki angejibu na nini?

Kwa Wajaluo, roho ni juogi na mganga ni ajuoga. Mara nyingi anayechaguliwa na roho huugua kwanza, halafu anapata sauti ya kutibu wengine. Mimi naona Dunde alitumia lugha hiyo hiyo, ila safari hii mgonjwa alikuwa nchi nzima. Ndiyo maana ujumbe ulivuka ukafika hadi Gusii, kwa watu wa lugha nyingine kabisa.

Tusidanganyane, mifugo haikutoka ziwani. Aliyechinja ng'ombe wake alibaki bila ng'ombe, na hiyo hasara ilikuwa ya kweli.

Lakini angalia serikali ilifanya nini. Iliwakamata viongozi wa Mumbo na kuwahamishia Lamu, mbali kabisa na ziwa. Mwaka 1954 bado ilikuwa inaipiga marufuku dini hiyo. Buda, nani hupoteza miaka arobaini akipigana na wendawazimu wachache? Wanahistoria Ogot na Ochieng' waliita Mumbo harakati ya kupinga ukoloni, na mimi nakubaliana nao.

Kinachoniuma ni hiki: tunamjua kila nabii wa Biblia, lakini wa kwetu tunamwita mchawi kabla hata ya kumsikiliza. Si lazima uamini nyoka. Ukienda ushago Desemba, muulize dani anajua nini kuhusu Mumbo, na usimkatize.