Usita wa Mui, Lamu
Anzia hapa kwenye uwanja wa ngome, iliyokamilika mwaka 1821, uelekee kaskazini kwa njia hii hadi mtaa wa Mkomani. Vichochoro ni vyembamba. Punda mwenye shehena akija, jibanze ukutani umpishe. Inua macho uone wikio, chumba kilichovuka njia kuunganisha nyumba mbili, wanawake wapate kutembeleana bila kushuka mtaani. Kwenye daka, yaani ukumbi wa mbele ya mlango, pitisha kiganja juu ya baraza la mawe: limelainika kwa vizazi vya wageni waliongoja kukaribishwa. Kuta ni matumbawe na chokaa. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazikuruhusu upana zaidi. Nyumba hizi bado zinakaliwa, na huo ndio uzuri wake mkubwa. Ukisikia sauti nyuma ya mlango, toa salamu upite.