Kungoja Hakulipwi

Nikiwaambia watu wa Kisauni kwamba nafanyia kazi kampuni ya habari ya mtandaoni, swali la kwanza huwa: ofisi yenu iko wapi? Ofisi iko Nairobi. Huku Pwani ofisi ni mie na simu yangu, pawa benki, na bando la intaneti ninalojinunulia asubuhi kabla sijapanda matatu. Swali la pili huwa: basi wanakulipa vipi? Hapo sasa ndipo pana hadithi ndefu. Kazi yenyewe yaonekana ya juzi, lakini jinsi inavyolipwa, na nani anayeamua kipi ni habari, ni mambo yaliyoanza zamani, na sehemu kubwa yalianzia hapa hapa Mombasa.

Tuanzie Kengeleni. Kila anayepanda gari la Kisauni hulisikia jina hilo likiitwa na makanga, lakini ni wachache wanaoitazama kengele yenyewe, ingawa mnara wake bado umesimama kando ya barabara. Mwaka 1875 wamishonari wa CMS walianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa, wakakiita Frere Town, kwa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa. Kengele iliwekwa kuwaonya wakazi pindi wafanyabiashara ya watumwa wakionekana wanakuja. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na kengele ile ilikuwa mbiu ya namna hiyo. Ninachokipenda kwenye habari zake ni kitu kimoja: aliyeipiga aliishi mahali inaposikika. Akipiga bure, majirani wangemuuliza. Hatari ikija kweli, ingemkuta na yeye.

Umbali kati ya anayetoa habari na inayemhusu ulianza kuongezeka waya ulipofika. Unguja iliunganishwa na Aden kwa waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari mwaka 1879, na mwaka 1890 waya mwingine ukaletwa kutoka Unguja hadi Mombasa. Mwaka 1902 mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee akaanzisha gazeti mjini Mombasa, The African Standard. Ndilo hili hili The Standard la leo. Aliliuza, likabadilishwa jina kuwa East African Standard, na mwaka 1910 likahamishiwa Nairobi, likiifuata serikali na reli. Tangu hapo Mombasa ikawa mahali habari zinapotoka, na Nairobi mahali zinapopimwa.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Al-Islah hapa mjini, kwa Kiswahili na Kiarabu. Kabla yake alikuwa na karatasi ndogo aliyoiita Sahifa. Mwenye gazeti, mwandishi na msomaji walikuwa wa mji mmoja. Msomaji aliyekasirishwa na makala hakuwa na haja ya kuandika barua, angemngoja Sheikh baada ya sala wakazungumza. Nimefanya kazi na wahariri ambao mpaka leo sijawaona uso kwa uso, na ninapofikiria gazeti lile huwa nawaza hilo kwanza, kabla ya yaliyoandikwa humo.

Magazeti makubwa ya Nairobi yalikuwa na watu wao huku Pwani, na wengi hawakuwa wafanyakazi wa kudumu. Walilipwa kwa stori iliyochapishwa, na malipo yalihesabiwa kwa inchi. Mzee mmoja wa Changamwe, aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, alinieleza: mwisho wa mwezi alikuwa akikata habari zake gazetini kwa makasi, anazigandisha kwenye karatasi, anazipima kwa rula, halafu anatuma hesabu. Mhariri akiikata stori kwa nusu, na malipo yamekatwa nusu. Stori ikikosa nafasi, nauli imekwenda na maji.

"Kwa hivyo mlikuwa mkiandika marefu?" nikamuuliza.

"Tulikuwa tukiandika marefu, mwanangu, na wao wakikata. Ndiyo ilikuwa kazi."

Sasa twende Mtongwe, ng'ambo ya Likoni. Ijumaa asubuhi, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyojaa watu wanaokwenda kazini ilipinduka karibu na nchi kavu. Walikufa watu 272. Simu za mkononi zilikuwa za matajiri wachache tu, na kwa watu wengi habari ilikuja kwa redio ya KBC, kisha kwa gazeti la kesho yake. Picha ni chache. Ukitafuta habari za siku ile mtandaoni utakuta aya zile zile zikirudiwa: tarehe, idadi, jina la feri.

Nilikwenda Mtongwe kuzungumza na mzee aliyempoteza ndugu yake siku ile. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanikaribisha barazani na kahawa. Aliniambia kwamba kwa siku kadhaa watu walikuwa wakitembea kati ya gati na mochari, wakitafutana kwa macho. "Hakuna aliyetupiga picha," alisema. "Wala hakuna aliyetuuliza tunajisikiaje. Tulikuwa wengi mno." Sikujua kama analalamika au anashukuru. Nadhani yalikuwa yote mawili.

Miaka 15 baadaye waya ukaja tena. Juni 2009 Rais Mwai Kibaki alikuja Mombasa kwa uzinduzi wa TEAMS, waya wa faiba uliotoka Fujairah huko Emirati, na mwezi uliofuata SEACOM ikaanza kazi. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Nyaya hizo ndizo zilizowezesha kampuni kama yangu kuwepo. Ziliingilia ufuoni kwetu, ila kampuni zikafunguliwa Nairobi, kama vile mwaka 1910 umejirudia. Na rula ikabadilika. Matangazo ya mtandaoni hulipiwa kwa kuhesabu mara elfu moja moja yanapoonekana. Kwa hiyo kampuni haina haja na inchi zangu. Inataka kujua ni wangapi wameifungua stori, na ni wangapi wameifungua kabla hawajaifungua ile ya jirani. Sisi tunalipwa kwa stori, na watazamaji wakivuka kiwango fulani kuna nyongeza. Hata serikali imeshaitambua hesabu hiyo: Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya maudhui ya dijitali kwa mkazi wa Kenya.

Rula hii mpya niliielewa vizuri Likoni. Jumapili jioni, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma likateleza kutoka feri ya MV Harambee, likatumbukia na mama na mtoto wake wa kike ndani. Abiria mmoja alilinasa kwa simu. Kabla sijafika kivukoni, video ile ilikuwa imeshaizunguka Kenya na kurudi. Feri ziliendelea kuvusha watu juu ya maji yale yale, maana Likoni haina njia ya kusimama: watu lazima waende kazini.

Msako ulichukua siku 13. Walikuja wazamiaji wa jeshi la wanamaji, wakaja na wengine kutoka nje. Msemaji wa serikali, Cyrus Oguna, akawa anazungumza na waandishi karibu kila siku. Umati ulisimama ufuoni kutoka asubuhi mpaka jua linazama, wengine na leso kichwani, wengine na watoto mgongoni, wakiangalia boti zikienda na kurudi. Kwa saa nyingi hapakuwa na chochote cha kusema. Mkondo una nguvu, maji ni machafu, wazamiaji wameshuka, wazamiaji wamepanda. Ukweli wa siku nzima ungetosha sentensi moja.

Lakini sentensi moja haiwezi kulipwa mara sita. Simu ilikuwa ikiingia kila baada ya saa moja:

"Boss, kuna nini huko?"

"Bado wanatafuta."

"Tupe kitu. Wenzetu wako mubashara."

"Bado wanatafuta, dada."

"Basi piga watu wakilia."

Huyo dada si mtu mbaya. Alikuwa na kioo mbele yake chenye namba zinazopanda na kushuka, na juu yake kulikuwa na mtu mwingine mwenye kioo kikubwa zaidi. Stori niliyoituma na kichwa "Msako waingia siku ya tano" ilitoka na kichwa kingine, kinachoahidi kwamba kilichoonekana majini kitakutoa machozi. Hapakuwa na kilichoonekana majini. Ilisomwa kuliko zote nilizowahi kuandika, na nyongeza ikaingia kwa M-Pesa.

Kesho yake nilirudi Likoni, kwa sababu mie nakaa Mombasa na yule dada anakaa Nairobi. Mama mmoja anayeuza viazi karai kituoni alinishika mkono. "Wewe ndiye uliyeandika kwamba wameona kitu? Tumekesha hapa, baba. Tumekesha tukingoja." Nilimwonyesha niliyoituma kwenye simu na iliyotoka. Akasoma zote mbili polepole, akanirudishia simu. "Sasa mie nitajuaje ipi ni yako?" Sikuwa na jibu. Jina lililokuwa juu ya ile stori lilikuwa langu.

Hapo ndipo kengele ya Frere Town inaponirudia akilini. Watu husema mtandao umeua uandishi kwa sababu ya kasi. Sikubali. Kengele nayo ilikuwa ya kasi, na iliokoa watu kwa sababu ya kasi. Tofauti ni kwamba anayevuta kamba siku hizi hakai mahali inaposikika. Mtu wa Likoni aliyepanda feri saa kumi na mbili asubuhi, mwenye hofu ya kweli ya maji yale, ndiye anayehitaji habari kuliko wote: mlango wa feri ufanyweje, magari yafungwe vipi, watu waruhusiwe kushuka garini au la. Hayo niliyaandika pia. Kwenye kioo cha Nairobi hayakupanda, kwa kuwa mtu wa Eldoret au Kisumu hana feri ya kupanda kesho.

Na tofauti ya pili ni kungoja. Habari kubwa za Pwani, za feri, za meli, za wavuvi waliopotea, karibu zote ni za kungoja. Bahari hairudishi kitu kwa ratiba ya mhariri. Aliyelipwa kwa inchi mwaka 1994 hakulipwa siku alizosimama kwenye gati, alilipwa kwa maneno yaliyochapishwa. Anayelipwa kwa watazamaji leo hali yake ni ile ile, ila na zaidi: zamani ukingoja ulikuwa unapoteza muda tu, leo ukingoja unampa mwenzako nafasi ya kuzua. Kwa hiyo wengi hawangoji. Wanaokota tetesi ya WhatsApp, wanaweka alama ya kuuliza mwishoni mwa kichwa cha habari, wanaipeleka. Alama hiyo ndogo ya kuuliza ndiyo imelisha watoto wengi wa waandishi, na siwacheki, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji.

Gari lilitolewa majini Ijumaa, tarehe 11 Oktoba 2019. Umati ulikuwa mkubwa, na ulinyamaza. Wapo waliokuwa mubashara, na kimya kile kilisikika nchi nzima. Ndani ya wiki moja namba zilishuka. Kampuni ikaniambia niachane na Likoni, nitafute kitu kingine. Mtongwe, ng'ambo kidogo tu, kuna watu 272 ambao hawakupata hata saa moja ya kutazamwa namna ile, si kwa sababu uchungu wao ulikuwa mdogo, ni kwamba waya ulikuwa haujafika. Sijui lipi ni afadhali kwa mfiwa, kuachwa pweke na msiba wake au kutazamwa na watu milioni. Najua tu kwamba katika yote mawili hakuna aliyemuuliza.

Bado naifanya kazi hii. Ni kazi nzuri siku ambazo chifu anakataa kujibu swali mpaka anaposikia niko mubashara, au mvuvi wa Likoni anapoona jina lake limeandikwa sawasawa. Na kuna jambo nililolianza baada ya siku zile 13. Kila mwisho wa mwezi natuma ankara Nairobi: stori kadhaa, video kadhaa, nauli. Chini yake naongeza mstari mmoja, "siku za kungoja", na idadi yake. Mhasibu huufuta, wala hasemi kitu. Mwezi unaofuata nauandika tena.