Pugu Ilichomwa Moto 1889, Bamba Tumewekea Tangi la Maji

Mwenge wa Uhuru ulipozinduliwa Kibaha, Aprili 2, 2025, ulianza na kazi yake ya kila mwaka: mawe ya msingi. Pita Kibaha au Kisarawe, utayakuta kwenye zahanati, madarasa na matangi ya maji. Bamba la marumaru, tarehe, jina la kiongozi wa mbio. Ndiyo historia tunayoiandika kando ya barabara. Alama nyingine inayofahamika ni X nyekundu, na wakazi wa Kimara hadi Kiluvya waliijua vizuri 2017, walipobomolewa nyumba kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro.

Sasa panda Pugu, mpakani mwa Kisarawe na Ilala. Mwaka 1888 Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien kutoka Ujerumani walifungua hapa misheni yao ya kwanza Afrika. Haikumaliza miaka miwili. Agosti ya mwaka huohuo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kushika pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, na pwani ikawaka: vita vya Abushiri, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani. Wamisionari nao walikuwa wakikabidhiwa watumwa waliookolewa na manowari za Kijerumani. Kwa aliyepoteza mali au mamlaka, padri na ofisa wa kampuni walikuwa kitu kimoja. Januari 13, 1889, misheni ilivamiwa na kuchomwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa. Wengine walitekwa, wakaja kukombolewa kwa fidia.

Kibao kiseme nini hapo? Kumbukumbu za Wabenediktini, ambazo makala haya yamezitegemea, zinawaita marehemu hao mashahidi wa imani. Vitabu vya shule vinamhesabu Abushiri miongoni mwa mashujaa. Mimi ningeandika yote mawili, kisha niwataje wale watumwa, maana pande zote huwapitia haraka mno.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haisaidii sana: ulinzi wake wa moja kwa moja ni kwa majengo ya kabla ya 1863. Pugu imechelewa miaka 25. Lakini Waziri anao uwezo wa kutangaza eneo lolote lenye thamani ya kihistoria, akitaka.

Mengine yanajulikana. Nyerere alifundisha Pugu hadi 1955, alipoacha ualimu kwa ajili ya TANU. Minaki, Kisarawe, ilipokea shule ya Waanglikana kutoka Kiungani, Unguja, miaka ya 1920. Kituo cha elimu cha Kibaha kilijengwa na nchi za Nordiki, kikakabidhiwa kwa Serikali 1970.

Anayesahaulika ni Jumbe Kibasila wa Uzaramo, aliyekataa kilimo cha pamba cha Wajerumani na kunyongwa wakati wa vita vya Majimaji. Jina lake liko kwenye shule ya sekondari, tena Temeke, si Kisarawe. Ikibidi kuanza na kibao kimoja, Kisarawe ianze na huyo. Pugu inao Wabenediktini wa kuisemea.